Upana wa Kiganja

Ghala la tumbaku pale Isevya halina tumbaku tena,
ila harufu imekataa kuhama.
Tunaivuta Jumanne na Alhamisi baada ya kazi,
watu kumi na mmoja, glavu jozi nne,
mfuko wa mchanga ukining'inia kwenye boriti
kama mgeni aliyesahauliwa kuagwa.
Mimi ndiye mkongwe. Miaka arobaini na sita,
na goti la kulia, nalo linalia.

Hunipanga na Kalunde, fundi cherehani wa Kanyenye.
Mkono wake wa kushoto unashona:
moja, moja, moja-mbili,
pindo linaishia usoni mwangu.

Mwezi wa kwanza nilikinga.
Mikono juu, kama mtu anayeshikilia mlango
na nje kuna wadai.
Kila konde lilifika, lilibadili anwani tu:
badala ya pua, mfupa wa mkono.
Mke wangu alinikanda kwa maji ya chumvi
bila kuuliza, na kutouliza kwake kuliuma zaidi.

Mwezi wa pili nilikwepa.
Kichwa huku, kichwa kule,
goti likalia.

"Pangua," akasema kocha Mlekwa. "Hujui kupangua?"
Hakuongeza neno. Alikuwa anatafuna muhogo.

Usiku ule nilikuwa zamu.
Kazi yangu ni pointi, stesheni ya Tabora:
mwaka wa kumi na tisa nasimama reli inapogawanyika,
hii ya Kigoma, ile ya Mwanza,
na sijawahi hata siku moja
kuisimamisha treni kwa kifua.
Navuta wenzo. Ulimi wa chuma unasogea
upana wa kiganja,
na tani zote zile, magunia, kuku, watoto waliolala,
zinashika njia nyingine
zikidhani zimejiendea.
Nikacheka peke yangu gizani.
Mbwa wa stesheni akanitazama.

Alhamisi.
Konde la Kalunde likaanzia begani
(usitazame glavu, glavu ni mwongo)
nami nikaliacha lije.
Hapo ndipo penye kazi, kuliacha lije,
lije mpaka ninuse ngozi na jasho la watu wengine,
ndipo kiganja, kidogo tu,
kama unamfukuza inzi kwenye uji wa mtoto:
pa.
Likapita sikioni. Likaenda Mwanza.
Kalunde mwenyewe akalifuata nusu hatua,
ubavu wazi, macho ya mtu
aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Anapanga, napangua.
Anapanga, napangua.
Nikaanza kuhesabu, na hapo nikakosea.
Ya tano bega lilisema, mkono haukuja.
Kiganja changu kilishatoka kuipokea,
mbali, barabarani,
kikaacha nyumba wazi.
Ikaingia ya kulia.

Nilikaa sakafuni. Damu ina ladha ya msumari.
Kalunde alivua glavu kwa meno, akanipa mkono.
"Shikamoo," akasema, na ghala zima likacheka.
Nikaitikia, mdomo umeshavimba;
marahaba yenyewe ikatoka kombo.

Nimeliwazia hilo njia nzima ya kuja kazini.
Treni unaiandalia njia mapema, ndiyo kanuni.
Konde ukiliandalia mapema, linakuona.
Miaka kumi na tisa ya kuwahi,
na sasa nafundishwa kuchelewa
na mtu anayepunguza sketi.

Saa nane usiku. Taa inatokea upande wa Igalula.
Pointi nimeshaweka, nimeshafunga, nimeshakagua.
Mkono hauna kazi.
Naunyanyua gizani, mbele ya uso uliovimba.
Reli inaanza kunong'ona.
Bado.
Taa inakua, inanitafuta macho.
Bado.
Iache ije,
mpaka upepo wa injini uguse shavu.